Hataza Imemaliza Eda

Jumapili, Wete. Asubuhi yalianguka manyunyu, watu wakakimbilia kukusanya karafuu zao walizozianika, kisha jua likatoka na wakazitandaza upya. Mpaka chumbani kwangu kunanukia karafuu za jirani. Nimeshinda na furaha kutwa nzima na sioni sababu ya kujifanya mtu mzima asiyetetereka.

Imecheza.

Kompyuta ya sebuleni niliyoiunga kwa mikono yangu, iliyonifanya nichekwe ofisini na nyumbani, leo baada ya sala ya alasiri imeionyesha CD ya Pujini kwenye televisheni ya mama, picha na sauti, mwanzo mpaka mwisho. Na haikuiba kitu cha mtu. Hilo la kutoiba ndilo lililonitoa jasho kuliko yote, na ndilo ninalotaka kuliandika kabla furaha haijanisahaulisha.

CD yenyewe ni habari ya marehemu baba. Baba alikuwa mchezaji wa ng'ombe. Huku kwetu Pemba ng'ombe huchezwa, hauawi. Dume hufungwa kamba ndefu, zumari hupulizwa, wanawake huimba, na vijana huingia mmoja mmoja na kitambaa mkononi kumchokoza na kumkwepa. Anayeshindwa hupanda mti, na hakuna anayemlaumu, ila atataniwa mpaka apate wajukuu. Baba alicheza mara ya mwisho kwao Pujini, mimi nikiwa bado mdogo wa kubebwa, na siku hiyo ndiyo iliyozua maneno.

Mwenye maneno ni Mzee Faki, binamu yake baba, na mabinamu kwetu hutaniana. Anasema dume lilipomjia baba, baba alitupa kitambaa akatimua mbio, kandambili moja ikabaki uwanjani. Siku hiyo jamaa yetu mmoja wa Maskati alikuja na kamera kubwa ya kubeba begani, na aliyeshikishwa kamera ni Mzee Faki. Kwa hivyo hakuna aliyembishia. Mwenye kamera si ndiye aliyeona?

Baba alipokuwa hai alijibu utani kwa utani, wakacheka, wakaenda msikitini pamoja. Tangu alipofariki, hadithi imebaki na msimuliaji mmoja tu, na kila mwaka mbio za baba zinaongezeka urefu.

Mama hacheki. Alikuwapo siku hiyo, miongoni mwa wanawake waliokuwa wakiimba, na neno lake halijawahi kuyumba: hakukimbia. Juzi juzi tulikuwa kwenye shughuli huko Ole, Mzee Faki akaisimulia tena mbele ya wajukuu. Sasa watoto wa dada yangu wana mchezo wanauita Babu Kombo, kwa jina la baba. Mmoja anakuwa ng'ombe, mwingine anakuwa babu, na babu lazima akimbie. Mama aliwakuta uani wakiucheza. Hakuwafokea, aliingia ndani akafunga mlango. Siku ya pili akatangaza kwamba harusi ya mjukuu wa Mzee Faki hendi.

Kwa mtu wa makamo yake, kutokwenda harusi ya jamaa wa mumewe si jambo la kupita kimya kimya. Watu wangeuliza, wangejibiwa vibaya, na kabla ya mwezi kwisha ukoo ungekuwa umegawika. Dada yangu alimsihi, mimi nikamsihi. Akatutuma dukani.

Katikati ya hayo ikaja CD. Yule jamaa wa Maskati alishafariki zamani. Wanawe wanahama nyumba, wakakuta kumbe marehemu aliwahi kuihamisha kanda yake kwenye CD, wakampa mtu anayekuja Pemba. Juu yake imeandikwa neno moja, Pujini. Mama aliipokea kwa mikono miwili.

"Hino ndo yenyewe," akasema. "Nataka nimwone."

Kumwona kwenyewe sasa. Deki yetu ilikufa siku nyingi kwa umeme wa kurukaruka. Televisheni haina pa kutilia CD. Kazini niliihamishia CD kwenye flashi, nyumbani nikaichomeka, televisheni ikajibu kwamba faili la aina hiyo halitambui. Mama alikuwa ameshafunga vizuri kanga yake na kuketi. Akainuka, akaenda jikoni, na mimi nikabaki na rimoti mkononi.

Bahati nilikuwa tayari nimeanza kuunga kompyuta ya sebuleni, kwa ajili ya kuwekea picha zetu, mawaidha ya mama na filamu zangu mahali pamoja. Ofisi ninayofanyia ukarani ilitoa kompyuta chakavu, nikachukua moja yenye sehemu ya CD. Nilipoifungua nikamkuta mjusi amekaukia juu ya bodi, na ndiye aliyeiua. Nilimtoa kwa mswaki huku nimegeuza uso. Nikabadilisha kifaa cha kuingizia umeme, nikaongeza memori, nikatia diski mpya, nikafunga feni kubwa inayozunguka polepole ili mama asisikie mngurumo wakati wa mawaidha. Ndani nikaweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na juu yake programu ya kuchezea video na sauti. Zote ni programu huria: unaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua uone zilivyoandikwa, kuzirekebisha, na kumpa mwenzako bila kumwomba mtu.

Kaka yangu Hamad, aliyeko Dar es Salaam, alisema ninunue kitu kilichokamilika kabla sijaichoma nyumba ya mama. Ofisini walisema mwanamke mzima anacheza na waya. Nilikuwa nawajibu vizuri, kisha nikifika nyumbani nawajibu vibaya nikiwa peke yangu.

Siku mashine ilipowaka niliitia CD. Kioo kikawa cheusi, na chini yake maandishi madogo ya Kiingereza ambayo maana yake ni kwamba king'amuzi cha video hii hakikuwekwa kwa sababu ya hataza. Mama akauliza kuna nini. Nikamjibu bila kufikiri kwamba kinakosekana king'amuzi.

Basi. Mama akampigia Hamad, Hamad akasikia king'amuzi, na haikupita wiki boti ikatuletea kile cha kulipia kila mwezi, pamoja na dishi lake, na fundi akaja kuuliza linafungwa upande gani wa paa. Kumbe mimi nilikusudia kipande cha programu kinachofumbua picha iliyofumbwa. Fundi alikunywa chai, akala na mihogo, akaondoka. Dishi liko uani na kuku wanalinywea maji.

Nikaona nimweleze mama vizuri. Nikamwambia picha za video ni nyingi mno, haziingii kwenye CD mpaka zikunjwe, kama anavyokunja nguo za sikukuu zienee sandukuni. Kuna watu walibuni mkunjo mzuri, wakaenda serikalini kwao wakapewa hataza, yaani haki kwamba asikunje wala asikunjue mtu kwa namna ile ila kwa idhini yao. Wanaoandika programu huria hawamtozi mtu kitu, kwa hivyo hawana cha kuwapa wenye hataza, na wengine kwa tahadhari wanakiacha nje kile kipande cha kukunjulia.

"Nani hatazami?" mama akauliza.

"Si hatazami, mama. Hataza."

"Ndo iyo iyo. Mie sitazami kwa sababu yake."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaona kwamba nimesoma kurasa na kurasa juu ya jambo hili na sijakutana na maelezo yaliyonyooka kama hayo. Yeye hakuwa anacheka.

"Nguo yangu, sanduku langu, na kukunjua nikamwombe mtu?" akasema. "Mume wangu, ng'ombe wetu, naimba mie kwa sauti yangu. Yuno mwenye hataza, Pujini alikuwapo?"

Hakuwapo. Nikampa pole, nikamwambia asijali, ipo njia ya mkato. Chake Chake kuna duka, kijana wake anakuwekea programu yoyote iliyovunjwa kufuli, unangojea pale pale. Nilidhani atafurahi. Akakunja uso.

"Simwangalii mume wangu kwa kitu cha wizi. Chamba mtu kakibuni, kina mwenyewe. Ulizia kwanza, karidhi au hakuridhi."

Nakiri niliudhika sana. Dakika moja tu iliyopita alikuwa anamtukana mwenye hataza, sasa anamwombea haki yake. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna atakayevuka bahari kuja Wete kutukamata, na kwamba zipo nchi ambazo hataza za namna hiyo hazikubaliwi kabisa, maana zinasema programu ni hesabu, na hesabu haina mwenyewe. Nilimwambia kweli. Akasema hakuuliza kama tutakamatwa.

Hakuuliza hilo. Aliuliza kama kuna radhi.

Sasa radhi unaisoma wapi? Nilianza kutafuta. Kazini wakati wa chai, nyumbani wali ukiwa jikoni. Lugha ya hataza ni ya kumchosha mtu makusudi. Jambo dogo linapewa aya nzima, na ukiifikia nukta huna hakika kama umesoma habari ya video au ya mashine ya kukobolea mpunga. Wali uliungua. Nusu yake sikuielewa, na sitajidai kwamba niliielewa.

Ila nilichokielewa kilinitosha. Hataza ina umri. Anayeipata anapewa muda wake wa kula matunda ya ubunifu wake, ukitimia umetimia, na lile alilokuwa amelizuia linakuwa la watu wote. Na mkunjo wa CD yetu ni wa zamani, wa enzi za madeki, na hataza zake zimekwisha muda. Lile onyo kwenye kioo changu lilikuwa limebaki tu, kama kibandiko cha kupangisha kwenye nyumba iliyokwisha hamiwa.

Nilitoka chumbani mbio. Mama alikuwa uani anachambua karafuu na jirani yetu Bi Subira, wamekaa kwenye jamvi, makonyo, vile vijiti vyake, upande mmoja na karafuu upande mwingine. Nikamweleza. Mikono yake haikusimama, lakini nilijua anasikiliza.

"Yaani ilikuwa imewekwa ndani," akasema, "muda ukangojewa, muda ukatimia."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa hapana wa kuizuia."

"Hapana."

"Basi imemaliza eda."

Bi Subira akaziangusha karafuu zake zote kwa kicheko. Akasema kama imemaliza eda, hata yeye leo anaweza kupeleka posa. Mama hakucheka. Yeye aliikaa eda ya baba mpaka siku yake ya mwisho, hakutoka hata kwa mambo ambayo watu walimwambia yanasameheka. Anajua muda unaotimizwa ni kitu gani. Alilolisema halikuwa mzaha kwake, ilikuwa hukumu, na katika kusoma kwangu kote sijaona mwanasheria aliyeifikia kwa maneno machache hivyo.

"Ikimaliza eda ni halali," akaniambia. "Nenda katie."

Nikaenda nikatia. Kuna watu nisiowajua, wa nchi nisizozijua, walikaa wakakiandika kile kipande cha kufumbulia picha, wakakiweka wazi achukue anayetaka. Niliandika amri moja, maandishi yakateremka kwenye kioo, yakasimama. Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi kidogo, kisha ikasikika zumari.

Nikasimamisha hapo hapo. Sikutaka niwe wa kwanza kuona, haikuwa haki yangu. Niliketi mbele ya kioo kilichosimama nikacheka peke yangu na kufuta macho kwa ukaya wangu wa kichwani. Nilikuwa nimeunga kitu kutoka kompyuta iliyouliwa na mjusi, na kilikuwa kinafanya kazi.

Nilidhani tutatazama wenyewe kwanza. Mama akasema, "Kamwite Faki."

Nikamwuliza, kwa adabu, kama hatuwezi kuiangalia kwanza sisi wawili, maana watu husahau, na siku zimepita. Sikuthubutu kusema lililokuwa moyoni, kwamba je, kama baba alikimbia kweli? Mama hataumia tu, ataumia mbele ya mtu. Alinielewa bila kuambiwa.

"Mie nalikuwapo," akasema.

Basi leo baada ya alasiri Mzee Faki akaja, kanzu imepigwa pasi, kofia safi, amechangamka. Watoto wa dada yangu wakajaa sakafuni. Alikaa kwenye kochi akasema, "Haya, tumwone Kombo na mbio zake." Mama alikuwa kiti cha mbele na hakugeuka. Nikawasha.

Zumari. Vumbi. Safu ya wanawake wa Pujini ndani ya kanga, na anayetangulia kuimba, mwembamba, kichwa juu, ni mama yangu. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake ile. Watoto waligeuka wakamtazama bibi yao, wakarudi kwenye kioo, wakageuka tena. Halafu akaingia baba, kijana kuliko nilivyo mimi leo, kitambaa cheupe mkononi, anakwenda kwa madaha yale yale aliyokuwa akiendea sokoni.

Dume likainamisha kichwa. Likaja.

Na picha ikapinduka. Majani, mbingu, majani. Mguu unaokimbia wenye kandambili. Mguu unaokimbia usio na kandambili. Na karibu kabisa na kamera, pumzi za mtu na sauti inayosema Yarabi, Yarabi, Yarabi, bila kupumzika. Kisha kioo kizima kikajaa gome la mti.

Tuliijua ile sauti. Mkubwa wa watoto akamgeukia Mzee Faki polepole, akamtazama miguu.

"Kamera ilikuwa nzito," Mzee Faki akasema.

Nyumba ililipuka kwa vicheko. Watoto waligaragara. Mimi nilishika ukuta. Mama tu ndiye aliyenyoosha mkono, akionyesha kioo, maana nyuma ya zile pumzi na ule mti wanawake walikuwa bado wanaimba, hawakukatisha hata ubeti. Na sasa kamera ikachungulia kutoka nyuma ya shina, ikitetemeka, na kule mbali, katikati ya uwanja uliobaki mtupu, baba alikuwa amesimama. Kitambaa kiko mkononi. Dume limeshampita na linageuka, na yeye analingojea.

Mama akasema, "Nliwambia."

Alisema taratibu, wala hakumtazama mtu. Nilijivuna mpaka nikaona aibu, kwa ajili yake, kwa ajili ya baba, na nikubali, kwa ajili yangu pia. Nilitaka Hamad awepo. Nilitaka ofisi nzima iwepo.

Watoto walipomaliza kucheka ndipo tulipoona Mzee Faki hacheki nao tena. Alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini. Akaniomba nirudishe nyuma kidogo, pale kwenye mti. Nikarudisha. Akajisikiliza anavyohema.

"Mie nlidhani kakimbia," akasema. "Nkajua chamba mie n'nakimbia, basi sote twakimbia. Miaka yote namcheka." Akavua kofia akaishika. "Kumbe nlimwacha pekeye."

Nikataka kuizima. Mama akanizuia kwa mkono. Ndipo alipomgeukia kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hakuwa pekeye, Faki," akamwambia. "Sikiliza."

Nikaongeza sauti.

Harusi ni Alhamisi, na mama anakwenda. Keshaanza kuuliza avae kanga gani. Kesho nikirudi kazini naanza kutoa nakala, moja kwa kila nyumba ya ukoo. Nitazikunja kwa mkunjo mwingine, ambao waliouandika waliutoa kwa watu wote tangu siku ya kwanza, ili pasiwe na mjukuu atakayeambiwa asitazame. Ya kwanza ni ya Mzee Faki. Kaiomba mwenyewe, na kasema pale kwenye mti nisipaondoe.